Kulia Kwangu, Kushoto kwa Ndege

Jumanne, 14 Oktoba

Asubuhi baridi kavu, jua safi, theluji mpya kwenye milima ya kusini.

Nimepewa kiti cha mbele! Miaka sita ya uhudumu wa ndege nimekaa mkiani nikitazama visogo vya watu. Kesho nakaa mlangoni kwa rubani, abiria wote wakinitazama usoni. Dada Sanamkan, mkufunzi wetu, atanipima siku tatu. Hakuniachia hata muda wa kufurahi.

"Pale unatazama nyuma. Mkono wako wa kulia uko kushoto kwa ndege. Wote hukosea. Mimi nilikosea."

Nikamwambia mimi si mtoto.

"Basi mtu mzima aandike mkononi."

Nimeandika kwa wino, mgongoni mwa mkono wa kulia: KUSHOTO. Mama ameuliza kama nimeanza kusahau mikono yangu.

Jumatano, 15 Oktoba

Ukungu mwembamba mji mzima wa Bishkek, ukaisha kabla ya saa mbili. Upepo hakuna.

Nitaandika kwa mpangilio.

Saa moja. Mama akanishikia mkate, nikauma mara moja, akautundika uliobaki kwenye msumari juu ya jiko. Kila safari ni hivyo: aliyeuma lazima arudi aumalize. Kuruka hadi Osh ni dakika arobaini tu, nikamwambia. "Mkate haujui umbali."

Saa tatu na dakika kumi tukapaa. Abiria 131. Kepteni Tolubai, na Eldiyar rubani msaidizi. Sanamkan mkiani, kwenye kiti changu cha zamani.

Magurudumu yameingia tu — paa! Kama lango la chuma limebamizwa chini ya miguu. Ndege ikavutwa upande mmoja, sakafu ikatetemeka mpaka kwenye meno. Mwanga wa moto ukapiga madirishani, upande wa mkono wangu wa kulia. Ukazima. Ukapiga tena. Watu wakapiga kelele, kisha wote kwa pamoja wakanitazama mimi. Mimi! Nikauweka uso kama wa mtu anayengoja chai ichemke.

Simu ya ndani ikalia. Kepteni, kwa sauti ile ile anayoulizia kama chakula kimepakiwa: "Nurzat, unaona nini?"

"Moto. Injini ya kulia."

Nikabana simu sikioni.

"Kulia kwako au kulia kwa ndege, binti?"

Nikatazama mkono ulioshika simu. KUSHOTO, wino unavuja kwa jasho.

"Kushoto kwa ndege, Kepteni. Upande wa viti A. Nilikosea."

"Haya. Vipimo vyetu navyo vinasema kushoto. Tunaizima, tunarudi. Waambie."

Nikawaambia: injini moja imezimwa, iliyobaki inatosha kuturudisha. Sauti ilitoka! Mzee mmoja wa safu ya pili, kofia ya sufu magotini, akasema huko Osh kuna ng'ombe anamngoja yeye ndipo achinjwe, harusi ya mjukuu. Nikamwambia ng'ombe ameongezewa siku. Safu tatu zikacheka. Kisha bibi aliyekaa naye akainua viganja, na viganja vikainuka mpaka nyuma kabisa. Akaomba polepole, tukapitisha mikono usoni. Nami pia.

Saa tatu na nusu tukagusa ardhi. Magari ya zimamoto kila upande. Hakuna aliyeumia hata ukucha. Watu walinikumbatia mlangoni mmoja mmoja, nikacheka, sijui kwa nini nikacheka hivyo. Baadaye, kwenye kioo, nikaona shavu zima lina wino.

Ndani ya basi Eldiyar akakaa karibu yangu. Akasema chinichini kwamba niliposema kulia, mkono wake ulikwenda kwenye wenzo wa kuzima injini ya kulia. Kepteni akamshika kifundo, ndipo akaniuliza.

Wenzo wa injini nzima, ile isiyoungua. Tukiwa chini kiasi cha kuhesabu kondoo.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua nyepesi tangu alfajiri. Sijapata lepe la usingizi tangu jana. Nikifumba macho tunapaa tena.

Fomu ya maelezo ya tukio inatakiwa kesho asubuhi. Sanamkan amepiga simu. Amenisifu, kisha: "Ile nusu dakika uliyosema kulia iache. Andika ulichosema mwisho, kiti kibaki chako." Nikauliza, na Eldiyar je? "Ndiyo maana nakwambia iache, mdogo wangu."

Eldiyar naye ameandika ujumbe: "Uamuzi wako, dada. Mimi pia nina fomu hapa."

Mama ameutungua mkate. Mgumu kama kigae. Nimeuchovya kwenye chai na kuumaliza wote, amesimama juu yangu akihakikisha.

Wote hukosea, alisema Sanamkan. Mafunzoni tulisomeshwa fomu za zamani, rundo zima. Sikumbuki hata moja iliyosema hivyo.

Nimefika hapa: "Kepteni akaniuliza ninaona nini. Nikajibu: Moto. Injini ya"

Kalamu ni ile ile ya wino, haifutiki. Kope zinaanguka sasa, ghafla. Nalala. Saa nane na dakika ishirini mchana.