Iko Sahihi

Chilangala, Newala

Mama,

Shikamoo.

Nimeandika neno hilo nikatua kalamu, nikasubiri kama mjinga uitikie marahaba. Aliyeitika ni jogoo wako. Bado ana kiburi kilekile, bado anapanda juu ya kinu kana kwamba kinu ni chake. Mama mdogo anataka kumchinja siku ya arobaini yako na mimi nimekataa, sijui kwa nini. Wewe mwenyewe ulikuwa humpendi.

Ninakuandikia kwa Kiswahili. Najua ungenicheka, maana Kiswahili ulikiita lugha ya kuulizia bei na kuogopea polisi. Lakini ndicho mkono wangu ulichofundishwa shuleni. Chimakonde changu kimo mdomoni tu, na mdomo wangu tangu nifike hapa hautoi kitu cha maana. Tena wewe hukujua kusoma lugha yoyote, kwa hiyo ni mamoja. Itabidi upate mtu wa kukusomea huko uliko.

Nimeacha kazi, Mama. Nalisema hilo mwanzo lisije likanikwama. Ile kazi ya useremala kwenye daraja la Nanganga, uliyowatangazia wanawake wote wa njia ya maji, nimeiacha kabla haijatimiza miezi minne, na hakuna aliyenizuia. Maumivu yangu yote yako hapo, kwamba hakuna aliyenizuia. Ngoja nikueleze polepole. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba ming'oko, mizizi ile ya porini, ukiichimba kwa pupa inakatikia ardhini.

Unakumbuka siku niliyokuja kukuaga. Ulikuwa barazani unamenya mihogo, ukaniuliza swali moja tu: "Karatasi ipo?" Hukuuliza chakula wala malazi. Baba alikwenda kwenye mkonge bila karatasi, akafia huko, na mjomba alipokwenda kuuliza akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo aliyepata kufanya kazi pale. Tangu hapo ukawa na imani na karatasi kuliko watu waliosoma. Nikakueleza kwamba nitapewa mkataba wa mwaka mzima, mimi nitaandika jina langu na bwana atatia sahihi yake. Ukauliza, sahihi ndiyo nini? Nikasema ni alama ya mtu, akishaiweka hawezi kukana. Ukapitisha kidole juu ya nembo za usoni mwako, zile ulizochanjwa ulipokuwa mwali, ukasema, "Basi mimi nilitiwa sahihi zamani. Siwezi kukana kwamba ni Mmakonde." Tulicheka, Mama. Uliweka kisu chini ukacheka mpaka ukajifuta macho kwa upindo wa kanga.

Nanganga nilimkuta karani wa kambi, mtu wa pwani, Kiswahili chake kimenyooka kama uzi wa kupigia mstari. Alinipa karatasi nikaandika jina langu, Saidi, kwa herufi nzuri kuliko zote nilizopata kuandika. Bwana mwenyewe alikuwa amekwenda Lindi. Karani akasema niiache, akirudi ataitia sahihi. Nikawa kila baada ya siku mbili naenda dirishani kwake kuuliza, kwa sababu ulinituma niulize. Mara ya nne alikuwa anakula. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Karatasi yako iko sahihi. Nenda kazini."

Sisi huku mtu akiuliza kama chumvi iko, anajibiwa iko, anapewa chumvi. Mimi nilisikia kwamba sahihi iko. Bwana amerudi, ameweka alama yake, hawezi kukana. Na usifikiri neno lile sikulijua maana yake nyingine. Mwalimu alikuwa akitwambia "jibu sahihi", "jibu si sahihi", miaka yote ile. Lakini pale dirishani sikuwa mwanafunzi, nilikuwa mtoto uliyemtuma kuulizia sahihi, nikasikia nilichotumwa. Nilitoka kifua mbele. Nikamwagiza Shaibu, yule muuza ng'onda mwenye baiskeli, akipandisha na samaki wake akupitie akuambie kwamba karatasi ya Saidi ina sahihi.

Kazi yenyewe niliipenda. Tulikuwa tunaunda mbao za kumwagia zege la nguzo, na ubao ukiachia nafasi hata ya ukucha, zege linavuja na aibu ni ya seremala. Fundi mwenzangu alikuwa Bakari wa Lupaso. Huyu ndiye aliyenitia hofu, wala simlaumu, naye alikuwa na hofu yake. Kaka yake alitoroka kwenye mkonge kabla ya kumaliza mkataba, akakamatwa, akapelekwa bomani kwa Bwana Shauri, akafungwa. Alirudi Lupaso hasemi na mtu. Bakari alikuwa na msemo wake, "Ukishatia sahihi, mguu si wako." Alikuwa akiusema huku anapiga misumari, na mimi nikauamini.

Ndipo Shaibu akaleta neno la kwanza. Mama Saidi anaumwa, anamwita mwanawe. Nilikwenda kwa karani kuomba ruhusa, akasema bwana hatoi ruhusa kwa mtu yeyote mpaka nguzo zisimame, mvua ziko karibu. Basi nikamwambia Shaibu akuambie kwamba mkataba umenishika.

Aliporudi safari ya pili aliniletea swali lako. Ulimuuliza, "Huyo Mkataba ni mtoto wa nani, hana mama?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka, nikamsimulia Bakari, Bakari akaisimulia kambi nzima, na kwa siku nyingi watu wakaniita Bwana Mkataba. Wewe wakati huo ulikuwa hukai tena bila kuegemezwa. Shaibu aliniambia hilo pia, lakini alilisema baada ya kichekesho, na mimi nilikuwa bado nacheka.

Kesho yake niliondoka. Hili hakuna anayelijua ila wewe sasa. Nilijitwisha sanduku la vifaa, nikafuata barabara ya Masasi, nikawa nahesabu moyoni, lori likipatikana mpaka Masasi, kisha kupanda kwa miguu, kesho jioni niko kwako. Nilikwenda mpaka kambi haionekani. Mbele yangu akatokea tarishi wa boma juu ya baiskeli, na kofia yake nyekundu. Nikajua ananifuata mimi. Nikaweka sanduku chini, nikasimama nimeshika mikono kama mtu aliyekwisha fungwa. Akanipita. Hakunitazama hata usoni. Na mimi, badala ya kuendelea, nikageuka nyuma. Kabla ya saa sita nilikuwa nimerudi napiga misumari, Bakari akadhani nilikwenda porini kujisaidia.

Baada ya hapo ukanyamaza. Shaibu alipita mara mbili na hakuwa na neno. Nilijiambia kwamba kimya ni heri, umepona, umeteremka bondeni kuchota maji na kugombana na wanawake wenzako juu ya zamu. Nilifurahi, Mama. Nilikuwa naimba kazini.

Safari iliyofuata alikuja bila samaki. Alisimama kando ya baiskeli yake akaniita "mwanangu". Hakuwahi kuniita hivyo.

Siku hiyo sikuomba ruhusa kwa mtu. Nilifika Chilangala siku ya kuanua matanga, wewe una siku tatu ardhini. Na watani walikuwepo, unawajua watani zetu Wayao, hawana msiba. Mmoja wao alikuwa amechuma jani la mgomba, amelishika kama karatasi, analala kwenye njia ninayopita, anapiga kelele, "Ningekuja kukuzika, mama, lakini sahihi imeniuma mguu!" Watu wakaangua kicheko. Ni haki yake, ni mtani, na mimi nilitoa kicheko kidogo kama inavyotakiwa. Halafu nikaona nimeshika nguzo ya baraza na watu wananishika mimi. Mtani mwenyewe alitupa jani akaja kunikalisha.

Ni mama mdogo aliyeniambia kuhusu kimya chako. Alisema Shaibu alikuja kuulizia ujumbe na yeye mwenyewe alitaka kuniita, nije hata kwa kutoroka. Wewe ukakataa. Sauti ilikuwa imebaki ndogo, lakini ulikataa. Ulisema, "Mwacheni. Ana sahihi. Asije akafungwa kwa ajili yangu." Na kila aliyeingia kukutazama siku zile za mwisho alikuita Mama Saidi, Mama Saidi, jina langu mchana kutwa nyumbani mwako, na mwenye jina yuko Nanganga.

Watu husema majuto ni mjukuu. Wewe ulikuwa unanidai mjukuu kila nilipokuja. Basi ndiye huyo niliyekuletea.

Baada ya matanga nilirudi Nanganga. Sikurudi kufanya kazi, nilirudi kujisalimisha. Nilikuwa nimetoroka mkataba wenye sahihi na nilitaka wanifunge. Nasema kweli, nilitaka. Niliona jela ni mahali ambapo mtu kama mimi angekaa na asiulizwe kitu. Nikasimama dirishani kwa karani nikamwambia mimi ndiye mtoro, amwite askari. Akanitazama kama mtu mwenye homa. Akaenda kabatini, akatoa jalada, akatafuta, akaweka karatasi yangu mezani. Jina langu lilikuwa pale, Saidi, na herufi zake nzuri. Chini yake mstari wa bwana ulikuwa mweupe.

Nikamwambia, uliniambia iko sahihi. Akasema ndiyo, iko sahihi, umeandika vizuri, haina makosa. Sahihi ya bwana ni kitu kingine. Bwana hajatia sahihi karatasi ya fundi yeyote hapa, kila siku anasema atatia kesho. Kisha akaongeza, na naamini alikuwa ananifariji, maana sauti yake ilikuwa ya upole: "Ndugu yangu, wewe ni kibarua wa kutwa tu. Ungeweza kuondoka asubuhi yoyote."

Asubuhi yoyote, Mama.

Asubuhi ile ya tarishi. Asubuhi niliyocheka swali lako. Asubuhi zile nilizoimba. Mguu ulikuwa wangu siku zote na mimi niliukalia.

Nilimwambia Bakari. Aliweka nyundo chini akakaa juu ya mbao. Nadhani alikuwa anamfikiria kaka yake. Nikachukua sanduku langu, nikaaga, hakuna aliyeandika mahali popote kwamba nimeondoka. Mtu angeulizia leo kama Saidi aliwahi kufanya kazi pale, angejibiwa alivyojibiwa mjomba. Nimeacha kazi ambayo sikuwa nimeshikwa nayo, na wewe uliniacha nisije kwa sababu yake. Wewe uliyeogopa kazi isiyo na karatasi, umekufa ukiniheshimia karatasi isiyo kitu.

Sijui nikuambie nini zaidi. Nimejaribu kukuomba msamaha na neno halitoki, si kwa Kiswahili wala kwa Chimakonde. Watu wananiambia ni amri ya Mungu. Kufa ni amri ya Mungu, nakubali. Kutokuwepo ni kwangu mimi.

Sasa naishi hapa nyumbani kwako. Nimetia mafuta bawaba ya mlango, wewe uliyekuwa unaniambia kila mara kwamba fundi wa watu mlango wa mamake unalia. Haulii tena na ninachukia ukimya wake. Mama mdogo magoti hayambebi tena, kwa hiyo mimi ndiye ninayeteremka bondeni kuchota maji, na mtungi wako. Wanaume wananishangaa. Jana alfajiri kulikuwa na ukungu, bibi mmoja akaona mtungi tu kabla hajaniona mimi, akaita kwa mazoea, "Mama Saidi?" Nikaitika. Nilisema "Abee", kama ulivyokuwa ukisema wewe. Akatua ndoo yake akalia, na mimi nikalia, na maji tukayachelewa.

Karani alinipa ile karatasi, maana haina kazi. Barua hii nimeiandika nyuma yake. Siku ya arobaini nitaizika kichwani pa kaburi lako, na nitamwacha jogoo wako aishi mpaka afe mwenyewe, na maji ya mama mdogo nitayachota mimi maadamu ananihitaji. Akiniita, nitaitika kabla hajamaliza jina. Sitauliza ruhusa kwa mtu. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na ninajua imekuja kwa mtu mwingine.

Lala, Mama. Mimi sijalala vizuri tangu siku ile, lakini wewe lala.

Hapa chini nimeandika jina langu, kwa mkono wangu mwenyewe, siwezi kulikana. Barua hii ina sahihi. Lakini haiko sahihi, Mama. Haiko sahihi hata kidogo.

Saidi