Mama, presha na gambuti

Jumamosi, Mweiga

Kumbe huenda si figo. Tangu mwezi jana nilipoona miguu ya Mama imevimba, nimewaza mabaya tu. Leo muuguzi ameeleza kwamba dawa yake ya presha hupanua mishipa, maji yakateremka hadi vifundoni. Ajabu, kidonge cha kulinda moyo kuvimbisha miguu!

“Asiiache mpaka daktari aibadilishe,” alisema.

Nyumbani nikamuuliza Mama kama huimeza kila siku.

“Mvua ikinyesha siimezi. Gambuti haziingii. Ati nikamue ng’ombe na slipas? Wewe wa ofisi unajua matope?”

Imenyesha wiki mbili mfululizo.

Nilimpigia muuguzi, akasema aimeze leo hii. Nimempa Mama gambuti zangu, ni kubwa kidogo. Amemeza kidonge nikimtazama. Jumatatu siendi kazini, nampeleka kwa daktari.