Kilio Kilichosubiri Mbao

Mwanahamisi, mwana wa dada yangu,

Barua yoyote huanza kwa kuuliza hali. Wewe nikuulize hali gani, mwanangu? Basi nitoe yangu. Mimi sijambo, ila mgongo unaniuma kwa kubeba mbao kutoka Korogwe mpaka hapa Misima. Mbao nne, kichwani, peke yangu, bila kutua. Haya, nakusikia. "Punguza, Mjomba." Napunguza. Ilikuwa moja, na upande wa nyuma aliushika mumeo, na tulitua kila penye kivuli.

Nani sasa wa kuniambia nipunguze? Tangu ufe nasema hadithi zangu mpaka mwisho, hakuna anayenikatiza, na hazina ladha. Unaikumbuka ile ya simba wa Mazingara? Nilianza na simba wawili. Ukasema punguza. Akabaki mmoja. Punguza. Akawa fisi. Ulipomaliza kunipunguza alikuwa amebaki mbwa wa jirani, naye kilema, watu wamelala chini kwa kicheko, na mimi nimekununia mpaka jua likatua. Leo nikimtaja simba, watu wanasema "Loo, wawili!" kisha wanaendelea kula.

Nakuandikia kwa mkono wangu mwenyewe. Shule ya boma niliiacha katikati kwa sababu mwalimu aliona nitampita. Hiyo usiipunguze, niachie.

Habari ya kwanza, maji yapo. Kisima kimezungushiwa mbao toka chini mpaka juu, mchanga umezuiwa, mtoto anateka bila mamake kusimama na roho mkononi. Habari ya pili, na ndiyo iliyonikalisha chini na kalamu: hatujakulilia bado. Umo kaburini tangu kiangazi kilipokaza, lakini kwa wazungu wa shamba la mkonge kule Korogwe, wewe u hai, unakula na kunywa. Mwanzo wake unaujua. Mwisho hukuukuta.

Chama cha kisima kilikuwa chako. Wewe ndiye uliyewakusanya wanawake, wachimbe mchanga wa mto kwa zamu, mgonjwa atekewe, mjane atekewe kwanza. Mimi mlinichagua niwe mdomo wa chama. Ulisema, "Mdomo tunao tayari, tusiuache ukapiga kelele bure." Watu walicheka sana. Mimi niliona ni heshima, na hata leo naona hivyo.

Ndipo ikaja habari kwamba bibi wa shamba, mke wa yule bwana wa mkonge, ana vitu alivyoletewa na rafiki zake wa Ulaya, vya kusaidia kazi za watu wote. Si za mtu mmoja. Nikavaa kanzu, nikaenda. Njiani nilivuka mto juu ya mgongo wa mamba. Haya, gogo.

Kule nikamkuta Danieli mpishi, Mshambaa wa Kwashemshi, mtu wa misheni, anayejua Kijerumani cha jikoni. Danieli ndiye aliyenifundisha kuomba. Nikidhani najua! Akaniambia, "Mzee Mhina, usiombe kwa ajili ya tumbo lako, utafukuzwa. Omba kwa ajili ya chama. Atauliza, ninyi wenyewe mnatoa nini? Sema mikono. Atauliza, mkubwa wenu nani? Hapo ndipo penyewe. Wakubwa hawa, ukiwaambia watu wengi wana kiu, wanapiga miayo. Waonyeshe mtu mmoja."

Mtu mmoja nilikuwa naye. Nikapanda barazani, nikakutaja wewe. Nikasema unachimba tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Jembe likivunjika, unachimba kwa mikono. Nyoka akitokea, unamwambia asogee, naye anasogea. Danieli alipofika kwenye nyoka akasita, akaniuliza kwa upole, "Mzee, huyu mwanamke wako hulala saa ngapi?" Nikamwambia tafsiri tu, usingizi wake hausaidii kitu.

Yule bibi machozi yakamlenga. Akasema, na Danieli akageuza: "Wanaume nilishawapa mabati wakayauza. Safari hii nampa mwanamke huyu, mkononi mwake, nimwone kwa macho. Mbao, sururu, ndoo za chuma. Kisima kikiisha nitakuja kukitazama, ndipo nitawapa na mnyororo wa kutekea." Uje naye hapa, mkonge ukishapelekwa Tanga, ndivyo alivyosema.

Nilirudi nikiimba. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kisha ukauliza, "Na nyoka umemtia wa nini, Mjomba?" Lakini ulifurahi. Ulifua kaniki yako, ukaikunja, ukaitia kwenye kapu uende nayo Korogwe. Kabla ya siku hiyo kufika, mchanga wa mto ukakufukia.

Tulipotoka kukuzika tulikaa uani kwako, wanachama wote. Kila mmoja alikuwa anawaza jambo moja na anaona aibu kulisema. Zawadi ile ilikuwa ya mkono wako. Mkono umekwenda. Na asubuhi watoto wangeshuka tena mtoni, kwenye mchanga uleule, maana pengine pa maji hapapo.

Nilisema mimi nitakwenda, nimwambie yule bibi kwamba umekufa, atatuhurumia. Mumeo akasema, "Alishasema anataka kumwona. Atasema na hao nao ni waongo, kama wale wa mabati." Mbele ya watu, namna hiyo. Na ni kweli, jina langu la uongo linafika mbali kuliko miguu yangu.

Aliyesema ni mama yako. Alikuwa amekaa mlangoni, bado hajafungua kinywa kulia, ile pumzi ya kwanza bado anaivuta. Akasema, "Mwambieni yu hai. Msitandike matanga. Nyapara wa shamba anapita huku kutafuta vibarua, akikuta kilio habari itafika. Leteni mbao kwanza. Mimi nitalia baadaye." Kisha akamtazama Asha. "Wewe mnalingana kimo."

Asha, mke mwenzio! Tangu ule ugomvi wa kinu, jina lako lilikuwa halimtoki mdomoni. Ulikuwa "yule", "huyo wa nyumba ya pili". Nilijua atakataa. Aliinuka, akaingia ndani kwako, akatoka na kapu lenye ile kaniki.

Mwanahamisi, nimeona mambo. Nimesimamisha gari moshi la Mombo kwa kulitazama tu. Lakini sijaona jambo kama siku ile barazani Korogwe. Asha kasimama na kaniki yako, mwanao mgongoni, kwa sababu mimi na domo langu nilisema una mtoto mgongoni. Bibi akauliza, "Ndiye Mwanahamisi?" Asha akajibu, "Ndiye mimi." Jina ambalo alilikataa miaka yote, alilijibu bila kutikisika. Bibi akamshika mikono, akaigeuzageuza, akatafuta sugu za kuchimba. Zilikuwepo. Asha alikuwa amechimba kaburi lako pamoja na wanaume. Tulimkataza, hakusikia.

Danieli alikuwa anajua. Nilimwona anajua. Alitafsiri yote sawasawa, na tulipokuwa tunafunga mbao kamba akaja akasimama karibu yangu, akasema, "Poleni, Mzee," basi, akarudi jikoni.

Tulipofika, Asha akaikunja kaniki, akairudisha kwenye kapu lako, akampeleka mwanao kwa mama yako. Sasa mtoto analala kwake. Kinu mlichogombea kakitoa nje, yeyote atakaye atwange.

Tukachimba. Hatukuchimba palepale. Tulisogea pembeni, karibu na ukingo, kila hatua tukishusha mbao. Mama yako alikuja kila siku, akabeba mchanga kwa ungo. Watu wa njia wakimuuliza bintiye yuko wapi, anasema yupo. Mwenyewe nilimsikia, "Yupo, yupo." Arobaini yako ikafika, ikapita, na sisi tuko shimoni. Nilimwuliza, dada, unaweza? Akasema, "Nikianza sitaweza kunyamaza. Acha kiishe."

Kikaisha. Maji yakapanda, meusi kwanza, kisha meupe. Na yule bibi akaja kweli, juu ya punda, Danieli nyuma yake na mnyororo mabegani. Sisi mnyororo tunaujua, tumeuona shingoni mwa wafungwa wakipita kwenda boma. Watoto waliuona wakakimbilia vichakani, na ilibidi nicheke kwa nguvu ndipo watoke.

Bibi akataka Mwanahamisi ateke ndoo ya kwanza. Asha akasogea. Akaishusha ndoo, akaivuta. Na ilipotokea juu ikimwagika, mama yako akalia.

Sina la kuongeza hapo. Mwenyewe unajua mimi huongeza, lakini hapo sina. Kile kilio alichokuwa amekaa nacho chote kilitoka mara moja, akaanguka magoti kwenye mchanga, akakuita kwa jina la utotoni. Wanawake wote wakashika vinywa. Asha akabaki na kamba mkononi, ndoo inamwagika miguuni.

Bibi akageuka. "Huyu mama analia nini?"

Danieli hakunitafsiria, nilielewa mwenyewe. Wakanitazama wote. Mumeo, Asha, chama kizima. Mdomo wa chama, ndiyo kazi mliyonipa. Nikatafuta uongo mkubwa, wa simba, wa mamba, hata mmoja haukuja. Ulikuja mdogo sana.

Nikasema, "Analia kwa furaha, Bibi. Kwa ajili ya maji."

Akaamini. Akafurahi mno, akainama akampapasa mama yako bega. Akauacha mnyororo, akasema kila mwaka atakuja kumwona Mwanahamisi wake, na akiona kazi inaendelea atatuletea mbao za kisima kingine. Akapanda punda, akaenda.

Na mama yako hakunyamaza. Alisema kweli. Kila siku anakuja kisimani kuteka, na akishaivuta ndoo analia palepale, hadharani, hamwogopi nyapara wala nani. Na unajua watoto walivyo. Walisikia neno langu, wamelishika. Akianza tu wanaitana, "Njooni, Bibi anafurahi!" Hawana ubaya, wanadhani ndiyo jina lake. Juzi nilimsikia mwanao naye akisema hivyo, ulimi wake mzito. Mama yako akanitazama ng'ambo ya kisima. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Chama kimegawanyika. Wengine wanasema tuendelee hivi, Asha ajibu jina lako kila mwaka, tupate visima mpaka Mazingara. Si wabaya, wana kiu. Asha mwenyewe kasema, mbele yao, "Mimi kumjibia mwenzangu tena, hapana. Nilimwazima mwili mara moja, na mkanisimamisha pale kisimani mara ya pili. Tafuteni mwingine." Mwenzangu, kasema. Ningetaka ungesikia.

Basi mimi nimekata shauri. Kesho nakwenda Korogwe. Nitasimama barazani, nitamwambia Danieli ageuze maneno machache tu: Mwanahamisi alikufa, Asha ni mwenzake, mama yake analia msiba. Nyoka hayumo. Akitaka mnyororo wake nitaubeba mwenyewe mpaka kwake, hata ukinikaa shingoni. Ndoo na sururu achukue. Visima vya Mazingara tutakosa, na nitatukanwa kwa hilo, najua. Lakini mbao ziko chini ya mchanga, na sioni mzungu atakayeshuka kuzichomoa. Nikirudi tunatandika matanga, uani kwako, mchana kweupe, na mama yako alie kilio chenye jina lake.

Na kwenye matanga watanitaka niseme ulivyokufa, maana msemaji ni mimi. Nimeandika hapa kwanza, nijizoeze. Sikiza, na kama kuna cha kupunguza, nipunguzie.

Jua lilikuwa kali. Ulikuwa chini shimoni, unateka kwa kata. Ulijaza mtungi, ukauinua, ukaniambia, "Mjomba, uweke kivulini, yasipate moto." Nikaupokea. Nikageuka niuweke. Sikusikia kitu. Nilipogeuka tena mchanga ulikuwa umelala sawa, kana kwamba hapajachimbwa. Tukafukua kwa mikono. Tulipokutoa, maji ya kukuoshea hayakuwepo mengine. Tulikuosha kwa yale ya mtungi wako, yalikuwa bado ya baridi.

Basi. Hivyo tu.

Lala, mwanangu. Mtungi niliupeleka kisimani jana, nikaujaza, nikaurudisha nyumbani kwako. Nimeuweka kivulini.

Mimi mjomba wako,
Mhina