Injini Ilikuwa ya Moto Siku Ile

Katubuka, Kigoma

Kaka Rajabu,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mafua ya vumbi hayaniachi. Mguu wa mama unaendeleaje? Na wifi, ameshajifungua?

Sasa nikueleze habari za gari la marehemu baba. Tangu nilifikishe huku, kila asubuhi nikiliwasha linatoa moshi wa bluu, mzito, unanuka oili. Baada ya muda kidogo unakata, na mchana kutwa halitoi tena. Jirani ameacha kuanika nguo upande wangu. Kule Kibirizi ninakobeba dagaa, wenye mizigo wameanza kusema dagaa wao wananuka gereji. Wawili wamenihama.

Nikalipeleka kwa fundi Bilali, Ujiji. Sikumwamini hata kidogo. Nilipaka rangi ya kucha kwenye betri na kila kifaa nilichoweza kukifikia, ili asinibadilishie, kisha nikakaa kwenye kigoda kumchunga. Akaziona alama, akacheka.

"Dada, hapa hakiibiwi kitu. Tulia."

Alipofungua injini akanionyesha vimpira vya valvu, vinavyozuia oili isishuke kwenye silinda. Vimekakamaa. Gari likilala, oili inachuruzika ndani. Ukiwasha asubuhi, inaungua. Kisha akaniita nisogee. Viwili kati ya vinane vilikuwa vipya.

"Kuna mtu alishafungua hapa, akabadilisha viwili akafunga. Siku unakabidhiwa, injini ilikuwa ya baridi au ya moto?"

Kaka, nikakumbuka siku ile. Nilipokuja kulichukua nilikukuta uani umeshaliwasha, ukasema unanipashia. Nami nikaona ni upendo. Kumbe injini ikishapata moto, moshi hauonekani.

Fundi amebadilisha vyote. Leo ni asubuhi ya tatu, moshi haujatoka hata uzi. Gari sikurudishii, na shamba la machungwa ni lako kama tulivyokubaliana. Lakini ulijua? Aliyefungua ni baba, au ni wewe? Nimeshika simu mara mbili nikaiweka, maana sauti yako inanilainisha. Niandikie kwa mkono wako.

Nisalimie wifi na shangazi. Mama mpe pole ya mguu. Barua hii usimsomee; yeye anaamini tuligawana vizuri.

Mdogo wako,
Mwanaidi