Walivyonicheka Kwenye Usaili wa Udaktari

Alhamisi, mwezi wa kumi, 1996
Kahama, Nyasubi

Joto la leo linakera, na mvua bado ni hadithi tu. Nimerudi kutoka Shinyanga mjini na vumbi mpaka ndani ya masikio. Nimeoga, na nimeshindwa kumaliza ugali. Wala sijachoka. Nina hasira.

Leo nimefanya usaili wa chuo cha udaktari.

Tangu barua ya kuitwa ilipofika nimejiandaa kama mwendawazimu. Mwalimu wangu wa zamani wa Baiolojia aliniambia nitegemee mambo mawili: wataniuliza masomo, na wataniuliza kwa nini nataka kuwa daktari. Masomo nilijifungia nayo chumbani: moyo, figo, damu, vitamini na magonjwa yake. Kwa lile swali la pili alinipa jibu kabisa. "Sema unataka kuitumikia jamii. Wanalipenda hilo." Nikalifanyia mazoezi mbele ya kioo ambacho wateja wa Baba hujitazamia wakijaribu nguo. Baba ni fundi cherehani, anashona barazani kwenye duka la Mhindi, na kila nikirudia sentensi ile alikuwa anaitikia kwa kichwa kama yuko kanisani.

Hakuna aliyeniuliza kuhusu figo.

Tulikuwa vijana wengi kwenye benchi la ukumbini, wasichana wawili tu. Kijana aliyetangulia mbele yangu alitoka anatabasamu. Alisema wamemuuliza mzunguko wa damu, kisha mmoja wao akamuuliza hali ya baba yake, maana yeye na huyo baba walisoma pamoja. Nikajipa moyo. Mzunguko wa damu naujua hata nikiamshwa usingizini.

Ndani walikuwa watatu, wote wametumwa na chuo kutoka mbali na mkoa wetu: mwenyekiti mwenye suti ya kijivu, mwanamume mnene mwenye miwani, na mama mmoja daktari aliyekuwa ameinamisha kichwa akiandika. Nikawaamkia. Mwenyekiti akaniuliza kwa nini nataka udaktari. Nikasema nataka kuitumikia jamii. Mwenye miwani akapiga mwayo. Sitanii, alipiga mwayo.

Halafu wakaniuliza kama nina mchumba. Wakaniuliza nikiolewa katikati ya masomo itakuwaje, na kama ninaweza kutazama damu. Nikajibu yote kwa adabu, huku moyoni nikijiuliza kama yule kijana naye ameulizwa habari za mchumba.

Ndipo likaja swali lenyewe. Mwenyekiti akasema, "Mgonjwa ameletwa wodini. Ndugu zake wanasema amerogwa, wanataka kumwondoa wampeleke kwa mganga wa kienyeji. Wewe ndiye daktari wa zamu. Unafanyaje?"

Nikasema ningekaa nao kwanza niwasikilize, maana mtu anayefokewa humbeba mgonjwa wake akaondoka. Ningewaeleza ugonjwa kwa lugha ya nyumbani, na ningewaomba mmoja wao alale pale wodini aone tunachofanya. Nilijiona nimejibu vizuri. Yule mama aliinua kichwa.

Mwenye miwani akacheka. "Kwenu si ndiko wanakoua vikongwe wenye macho mekundu, eti ni wachawi? Sasa wewe mwenyewe, binti, huamini hata kidogo?"

Mwenyekiti naye akacheka. Hawakucheka kwa ubaya, nadhani. Walicheka kama watu wanaosikia kituko cha nchi ya mbali.

"Bibi yangu ana macho mekundu," nikasema.

Kicheko kikakatika.

Sikuwa nimepanga kulisema hilo. Lakini lilikuwa limeshatoka, na mengine yakafuata. Niliwaambia kwamba Bibi, mama yake Baba, aliishi kijiji kimoja huko Masumbwe. Kuni zilikwisha siku nyingi, wanawake wanapikia mavi ya ng'ombe yaliyokaushwa, na moshi wake unachoma macho mwaka hadi mwaka. Niliwaambia kuhusu jirani yake, mama mzee mwenye macho yale yale, aliyekatwa mapanga na watu aliowafahamu baada ya mtoto wa jirani kufa kwa homa. Baba alikwenda kumchukua Bibi wiki ile ile, akamleta kwetu. Kuku wake aliwaacha, na kaburi la mume wake aliliacha.

Mama daktari akauliza taratibu, "Mlimpeleka hospitali?"

"Nilimpeleka mwenyewe zahanati. Mhudumu alimtazama kutokea mlangoni. Akaweka tyubu ya dawa ukingoni mwa meza, akaniambia nimpake mimi. Aliogopa kumgusa."

Nilipolisema hilo nikaelewa kitu ambacho sikukielewa wiki zote za kujiandaa. Hiyo ndiyo sababu yangu. Siku ile, nikiwa nimemshika Bibi kidevu na kumpaka dawa huku mhudumu amesimama mbali, ndipo nilipotaka kuwa daktari. Na dakika chache kabla nilikuwa nimewapa sentensi ya kuazima.

Nikafungua kinywa niwaambie. Mwenyekiti akatazama saa.

"Ahsante, binti. Muda wetu umekwisha." Akafunga jalada langu. "Una moyo wa huruma sana. Nakuona ungefaa uuguzi. Nafasi zipo, tunaweza kulipeleka jina lako huko. Udaktari mwaka huu ushindani ni mkubwa."

Mama daktari alimtazama kama anayetaka kusema neno. Akainama tena kuandika. Nikatoka.

Sina ubaya na wauguzi. Mimi mwenyewe nilizaliwa mikononi mwao. Lakini sikuomba uuguzi! Yule kijana wa mzunguko wa damu hakuambiwa ana moyo wa huruma. Njia nzima kwenye basi kurudi Kahama nilikuwa namjibu mwenyekiti kichwani. Majibu makali, mazuri, yasiyo na faida tena.

Nilipofika nyumbani Baba aliuliza, nikamweleza kwa kifupi. Akapiga makofi. "Uuguzi! Si hospitali ile ile? Si sare nyeupe ile ile?" Sikuweza kubishana naye. Tangu nimalize kidato cha sita amekuwa akiwaambia wateja wake kwamba mimi ni daktari mtarajiwa, na nilimwona usoni jinsi alivyoshusha pumzi kwamba angalau haitakuwa aibu.

Bibi aliningojea hadi nikatoka kuoga. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, ungo wa mchele mbele yake, kitambaa chake cha kufutia macho mkononi.

"Walikuuliza nini, ng'wanawane?" Mwanangu, ndivyo anavyoniita siku zote, kwa Kisukuma.

Nilitaka kumdanganya. Nikashindwa. Nikamwambia wameuliza habari za uchawi, nami nimewasimulia habari zake, macho yake na zahanati. Nilitegemea atakasirika kwa kutangazwa mbele ya wageni.

Akakikunja kitambaa chake. "Uliwaambia naitwa nani?"

Hapana. Nilikuwa nimesema "bibi yangu" tu.

"Ungewaambia," akasema. "Wangejua ni mtu."

Sijui kama alinilaumu au alisema tu. Akajifuta macho, akarudi kuchambua mchele wake. Anaitwa Nyamizi.

Nilipokaa kuandika hapa nilikuwa nimeamua hivi: kesho asubuhi, kabla Baba hajaenda kwenye cherehani yake, nitamwambia kwamba jina langu lisipelekwe uuguzi. Nitaomba udaktari tena mwakani, hapo hapo au chuo kingine. Ataniuliza mwaka mzima nitafanya nini. Nitatafuta kufundisha watoto, nitamsaidia kushona vifungo, sijui.

Lakini sasa hivi namsikia Baba nje, anaongea na Mama Shija, jirani yetu. Sauti yake imejaa furaha. Anamwambia binti yake amepata nafasi, anakwenda kusomea unesi. Mama Shija anapiga vigelegele.

Nikingoja asubuhi, mtaa mzima utakuwa umeshanipongeza, nami nitashindwa kurudi nyuma.

Natoka kwenda kumwambia. Sijui nitaanza na neno gani, ila safari hii litakuwa langu.