Mshipa wa Baba Mkwe

Mshipa wa baba mkwe haujafa, umeteleza tu. Hilo ndilo dai langu, nami nitalitetea mbele ya yeyote. Mpendwa mshauri, siombi msaada wa kuambiwa nina haki, maana hilo ninalijua. Naomba kurudishiwa mchumba.

Mimi ni mhitimu wa jiolojia, na baba wa mchumba wangu ni mchimbaji mdogo ambaye mshipa wake, yaani ule utepe wa jiwe jeupe lenye dhahabu anaoufuata ardhini, ulikatika ghafla kwenye mwamba mtupu, wenzake wakamshauri afunge shimo, lakini mimi nilipoletewa kipande cha mwamba ule nikaona michirizi iliyolala upande mmoja, alama kwamba zamani ardhi ilipasuka na upande mmoja ukashuka, nikafurahi mno hata siku ya kujitambulisha ukweni, sebuleni, mbele ya mashangazi watatu na sinia la chai, nikashindwa kujizuia nikasema: “Baba, mshipa wako haujafa, umeteleza chini kushoto. Ukiniruhusu, nitaupima mwenyewe.”

Mama mkwe akaziba uso kwa mtandio. Shangazi mmoja akauliza, “Makubwa! Mkwe kaonyeshwa lini?” Mzee akamgeukia binti yake: “Kumbe siri zangu za hospitali unampelekea huyu?”

Ndipo nilipojua kwamba anangoja kupasuliwa mshipa, yaani ngiri. Nilifafanua kuwa “mshipa” ni istilahi halali ya kijiolojia, ilhali “mkanda”, wasemavyo wachimbaji, ni neno la mitaani. Nikataja na vitabu viwili. Mzee akajibu, “Kijana, maliza chai uende.” Hii ni wiki ya pili mchumba wangu hapokei simu. Je, mtu huomba radhi kwa kusema Kiswahili sanifu? Nijibu gazetini, mbele ya wote.

Mhitimu, Daraja la Kwanza

*

Mwanangu msomi,

Nimecheka hadi miwani imeanguka. Michirizi ya jiwe umeisoma, uso wa mkweo umekushinda! Mtu ameufuata mkanda huo kwa nyundo miaka yote, wewe unamwambia neno lake ni la mitaani? Na binti wa watu amebebeshwa lawama ya siri asiyoitoa, nawe katika barua nzima hukumhurumia hata kwa mstari mmoja. Hapo ndipo uliponiudhi.

Mtangulize mjomba wako, kisha nenda. Kwanza msafishe binti: “Hakuniambia neno, ni ulimi wangu.” Halafu mwombe mzee radhi, vitabu ukiviacha nyumbani. Akikukaribisha kiti, na atakukaribisha, maana hakuna mchimbaji asiyetaka kusikia kwamba shimo lake li hai, mwambie: “Baba, mkanda umeshuka kushoto.” Mkanda! Ukirudia lile neno lako, mkanda utakaoonekana ni wa kiunoni mwake, na utakushukia wewe.

Mshipa mwachie daktari, wewe shika mkanda. Na kwa kuwa umetaka jibu la hadharani, nami nakudai lako, hapa hapa, wasomaji wote wakisoma: harusi lini?