Mteja wa Jumapili

Machi 2

Dada yangu,

Kati ya watoto wawili wa fundi vitasa, mwenye nyota ni mimi. Wewe unampikia, unamfulia, na bado anakuuliza, "Mama, wewe ni wa nani?" Mimi nikipiga simu Jumapili, haloo moja tu, mzee anawaka kama taa. Hajanisahau! Haya, hujambo? Mgongo unasemaje? Mimi buheri wa afya. Hapa hotelini sufuria haiinuliwi bila idhini yangu.

Karatasi za mahakama nimezipata. Eti nikubali uwe msimamizi wa Baba, umwamulie kila kitu. Shule niliiacha ikiwa bado inanipenda, lakini kusoma najua: "hana uwezo wa kujiamulia". Mtu anayeongea nami kuhusu vitasa mpaka sikio linapata moto, hana uwezo? Sisaini ng'o.

Kaka yako mwenye nyota

Machi 11

Kaka,

Salamu zimefika, na majigambo pia, kabati la kuyawekea limejaa. Mgongo ni ule ule. Nyota kaa nayo, sigombei.

Baba anatoka, kaka. Nikifunga mlango anaufungua kwa kibanio changu cha nywele. Fundi vitasa utamfungia na nini? Ananyoa ndevu, anavaa koti la kazi, anabeba sanduku la vifaa. Nikimuuliza aendako: "Kuna mteja amefungiwa nje, binti. Nikae tu?" Juzi kang'oa kitasa cha duka la dawa mchana kweupe, mwenye duka akaita polisi. Kuna nyumba nzuri ya kutunzia wazee, ina bustani na walinzi wapole, ila hawampokei bila amri ya mahakama. Na wewe ukipinga, hakimu anaahirisha.

Nisaidie na jambo moja. Hutoka Jumapili tu, ukishakata simu. Mnaongea nini?

Dada yako

Machi 19

Dada,

Natumai mu wazima, mimi mzima. Tunaongea mambo ya wanaume. Labda hutoka kwa furaha, si kasikia sauti ya mwanawe? Badilisha kitasa, weka cha kigeni. Nina haraka, jiko linaniita.

Kaka

Aprili 4

Kaka,

Sina salamu. Jumapili ulipiga nami nikiwa bafuni, akatoka. Tumemkuta mtaroni nyuma ya soko, nyonga imevunjika, bisibisi mkononi. Daktari anataka kumpasua. Baba anasaini, akigeuka anakana na kufukuza wauguzi. Wanataka sahihi ya mtu aliyepewa mamlaka, na kesi yetu imeahirishwa kwa sababu yako. Tangu alazwe anamsihi muuguzi, "Mwambieni mteja asivunje mlango, nipo njiani."

Kama una moyo, utume hata bila salamu.

Dada

Aprili 9

Dada yangu,

Usiniulize hali. Karatasi hizi hapa, nimesaini kila palipo na mstari, hata pasipostahili. Nimemwachia msaidizi ufunguo wa jiko, akanicheka: "Bosi, leo chai itachemka bila wewe?" Itachemka. Siku zote ilikuwa inachemka. Nakuja na basi la Alhamisi. Mwombe karani wa mahakama atupe siku ya karibu, nitasimama mbele ya hakimu nimweleze haya haya ninayokuandikia.

Mwaka jana nilipiga nikasema, "Baba, ni mimi mwanao." Akajibu, "Umekosea namba, bwana," akakata. Nikapiga tena. Sijui nilipatwa na nini, nikasema, "Fundi, nimefungiwa nje." Dada, ungemsikia! "Tulia, kijana. Usilazimishe. Kitasa ni cha aina gani?" Akanielekeza taratibu, kwa ile sauti ya zamani aliyotufundishia kuendesha baiskeli. Nikashindwa kukata. Jumapili iliyofuata nikafungiwa tena. Na iliyofuata. Wakati wa kuagana huuliza ninapokaa, nami nilikuwa nikimtajia mtaa wowote unaonijia mdomoni. Wallahi, kabla ya barua yako sikujua kwamba anatoka kunifuata; nilipojua, bado nikashindwa kuacha.

Mara ya mwisho nilisema nyuma ya soko.

Ile nyota ilikuwa uongo. Baba hanijui.

Kaka yako